Presha: Kitunguu Saumu au Vidonge?

Wapo wanaoacha vidonge vya presha kwa kuwa kichwa hakiumi tena. Ni hatari. Presha aghalabu haina dalili, kipimo ndicho kinachoibaini: 140/90 au zaidi, kwa vipimo vya siku tofauti.

Kitunguu saumu huishusha kidogo tu, wala hakichukui nafasi ya dawa. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya mkate na ng'onda (hiyo wengi hawaihesabu!). Kidonge kikikukohoza au kukuvimbisha miguu usikitupe, mwambie daktari akubadilishie. Na kabla ya Ramadhani muulize kama dozi yaweza kuhamishiwa daku au futari. Zipo nyingi zinazomezwa mara moja tu kwa siku.