Cheti cha Huduma ya Vifaa Saidizi: Mwongozo kwa Wakazi wa Eldoret

Kiti cha magurudumu kikitolewa bila mtu kupimwa, kinaweza kumuumiza. Aliyejeruhiwa uti wa mgongo mara nyingi hahisi maumivu ya makalio. Asipokuwa na mto unaomfaa, mifupa ya kukalia hubana ngozi, damu ikashindwa kupita, na kidonda kikaanza bila yeye kujua. Kidonda hicho kikiingia vijidudu huweza kumtoa mtu uhai. Kwa hiyo anayegawa viti anahitaji mafunzo, na mafunzo yake yanahitaji kuthibitishwa.

Kijitabu hiki ni chako wewe muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia, fundi wa jua kali au kijana uliyemaliza kidato cha nne hapa Uasin Gishu unayetaka kazi hii iwe taaluma yako. Kazi ipo. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni 3 tu katika kila 100. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa hivyo. Haki hiyo haikamiliki kama hakuna wa kukilinganisha kifaa na mwili wake.

Anza na viti vya magurudumu

Tunashauri uanzie hapa kwa sababu njia yake ni fupi na wazi. Mwaka 2008 WHO ilitoa mwongozo wenye hatua nane za huduma, kuanzia rufaa na tathmini hadi kumfundisha mtumiaji na kumfuatilia baadaye. Mwaka 2012 ikatoa mtaala wa ngazi ya msingi, unaohusu watu wanaoweza kukaa wima bila kuegemezwa. Ngazi ya kati, ya mwaka 2013, inahusu wanaohitaji kushikiliwa, wakiwemo watoto wengi wenye mtindio wa ubongo.

Katika mitaala hiyo utajifunza kwamba upana wa kiti hufuata upana wa nyonga, na kwamba kina cha kiti kiwe pungufu kidogo ya urefu wa paja ili ukingo usikate nyuma ya goti. Utajifunza kuingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia: vikicheza, mto ni salama, vikibanwa kabisa, mtu huyo asiondoke na mto huo. Utajifunza pia kumuuliza anakoishi. Kiti chenye magurudumu madogo ya mbele, kilichoundwa kwa sakafu ya hospitali, hukwama kwenye matope ya Langas wakati wa masika, hata kama vipimo vyote ni sahihi.

Ukimaliza, unaweza kufanya mtihani wa msingi wa ISWP, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa viti vya magurudumu iliyoanzishwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Hufanywa kwa intaneti. Hupima unachokijua tu. Ustadi wa mikono utaupata kwa kufanya kazi chini ya mzoefu.

Miguu na mikono bandia

Njia hii ni ndefu, na hatukushauri utafute ya mkato. Cheti cha semina ya siku chache hakimpi mtu ruhusa ya kutengeneza mguu bandia. KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, hufundisha stashahada ya teknolojia ya mifupa Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, huko Moshi, chuo cha TATCOT kilicho katika hospitali ya KCMC kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1981, na mafunzo yake yametambuliwa na ISPO, chama cha kimataifa cha fani hiyo.

Fundi wa kuchomelea vyuma

Usidhani umeachwa nje. Mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kutoka Daraja la III hadi la I, unathibitisha ufundi wako wa vyuma, na viti vilivyovunjika vinamhitaji fundi kama wewe. Hauthibitishi kwamba unajua kumpima mtu. Shirikiana na mtaalamu wa tiba: yeye apime na kuandika, wewe urekebishe.

Vyeti vya Marekani

Utasikia habari za cheti cha RESNA, jumuiya ya Marekani ya teknolojia saidizi. Kina heshima, na huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Lakini kimejengwa juu ya mfumo wa Marekani wa bima na ununuzi. Kama unakusudia kufanya kazi Eldoret, fedha ambazo ungelipia cheti hicho zitakufaa zaidi kwenye mafunzo ya hapa Afrika Mashariki.

Kabla ya kulipa

Uliza nani ametambua kozi hiyo, kisha thibitisha kwa chombo chenyewe, si kwa anayekuuzia nafasi. Uliza pia utahudumia watu wangapi wakati wa mafunzo. Kozi ya nadharia tupu iache.

Tangu leo weka daftari la kazi: tarehe, vipimo, kifaa kilichotolewa, na ulichokikuta uliporudi kumwona mtumiaji. Usiandike jina lake, tumia namba. Msimamizi wako atie sahihi siku ile ile, kwa maana akihamishwa kaunti nyingine itakuwa vigumu kumfuata.