MWALIMU ANAPOKUWA MWANAFUNZI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishakuwa mwalimu masomo yake yamekwisha. Katika shule yetu sivyo. Mwalimu wetu wa Fizikia yu mwaka wa pili akisomea shahada ya uzamili katika elimu, na wakati huo huo anatufundisha kila siku. Wazazi wengine wameuliza kama jambo hili lina faida kwetu, au ni kwake tu. Nimeona yafaa nieleze ninavyolifahamu, maana mimi ni mmoja wa wanaofundishwa naye.

Kwanza tujue shahada hiyo ni nini. Uzamili ni ngazi inayofuata shahada ya kwanza, na juu yake iko shahada ya uzamivu. Mwalimu aweza kuomba ruhusa akaenda kukaa chuoni, lakini iko pia njia ya kusoma bila kuacha darasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, huwafundisha watu huko huko waliko, na kina vituo mikoani. Wazo lenyewe si geni: Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiokaa chuoni tangu mwaka 1858.

Masomo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kozi, kama vile mitaala, upimaji, uongozi wa shule na njia za utafiti. Ya pili ni tasnifu. Hapo msomaji huchagua swali moja, husoma walioandika kabla yake, hukusanya habari na kuzichambua, kisha huandika matokeo akiongozwa na msimamizi. Kabla ya kuwauliza wanafunzi lolote hana budi kupata kibali, na kwa walio chini ya miaka 18 huombwa ridhaa ya mzazi. Basi wazazi, mkiletewa karatasi ya namna hiyo msiogope. Si ankara ya ada.

Pili, tuangalie saa zake. Mwalimu huyu ana mikondo mitatu ya wanafunzi 45, yaani madaftari 135. Akitumia dakika tatu tu kwa kila daftari, ni dakika 405, karibu saa saba kwa zoezi moja. Hapo hatujataja vipindi, zamu ya bweni, wala watoto wake nyumbani. Muda wa kusoma huupata alfajiri, na usiku sisi tukiwa katika masomo ya jioni. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hiyo hutoka katika usingizi wake.

Tatu, faida yetu iko wapi? Nitatoa mfano mmoja. Katika kozi zake alisoma kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliyechunguza masomo ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970. Bibi huyo aliona kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kiasi cha sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, na wanafunzi walionyamaza walipungua.

Mwalimu aliniomba nikae nyuma na saa nimpime. Mara nyingi sikufika sekunde mbili. Tangu siku hiyo huuliza, hukunja mikono, husubiri. Juma la kwanza tulicheka kwa sababu ya ukimya. Juma la tatu mwenzetu mmoja, ambaye tangu Kidato cha Pili hakuwahi kujibu bila kutajwa jina, alieleza kwa nini chombo cha chuma huelea majini, na alieleza sawasawa. Nilipomuuliza kwa nini zamani alinyamaza, alisema, "Jibu nilikuwa nalo kwa Kiswahili. Nilipomaliza kulitia katika Kiingereza, swali lilikuwa limekwisha kupita." Nafikiri kwetu sisi, tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa twafundishwa kwa Kiingereza, sekunde hizo zina thamani kubwa.

Wako wasemao kwamba akipata shahada ataondoka, nasi tutabaki bila mwalimu wa Fizikia. Hofu hii si ya bure, kwani walimu wa sayansi hapa ni wawili tu. Nilimwuliza mwenyewe kwa adabu. Alinijibu, "Siwezi kukuahidi, mwanangu. Lakini nikiondoka, nitakuwa nimewaachia mwenzangu darasa linalojibu." Jibu hilo halikuniondolea hofu yote, ila limenionyesha pa kuipimia shahada yake: ni darasani, wala si ukutani itakapotundikwa.

Nasi tunaweza kumsaidia. Tukusanye madaftari kwa wakati, yasimfikie moja moja hadi usiku. Tukipewa hojaji tuijaze kwa kweli, wala tusiandike yale tunayodhani yatampendeza, maana tasnifu iliyojengwa juu ya majibu ya uongo haimfai yeye wala watakaosoma nyuma yetu. Na anaposubiri baada ya swali, tusiutumie ukimya ule kuchezea kalamu. Tufikiri.