SOMO LA LEO: HAIBRIDI IMEPAKI LAKINI INATOA SAUTI. IPI YA KAWAIDA, IPI YA HATARI?

Tumezoea kuongelea mtaji, madeni na wateja. Leo tuongelee gari, maana kwa wengi wetu gari ndiyo duka lenyewe. Asubuhi inabeba viazi vya Umalila, mchana inapeleka mzigo Mbeya mjini, jioni inachukua abiria.

Aqua na Prius watu wanazipenda kwa sababu moja: mafuta. Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani mwaka 1997, na Aqua ikaja Desemba 2011. Kwa hiyo nyingi tunazonunua zimeshatumika miaka mingi kabla ya kufika kwetu.

Sasa gari hizi zina tabia ya kutoa sauti hata zikiwa zimesimama. Mmoja anasikia "ziiii", anaingiwa na hofu, anakimbilia kwa fundi na anabadilishiwa kifaa ambacho hakikuwa kibovu. Mwingine ameshazoea, kila sauti anasema "ndivyo zilivyo", kumbe breki zinamuaga. Wote wawili wanapoteza hela. Huyu wa pili anaweza kupoteza na maisha.

✅ KWANZA: JE, GARI IMEZIMWA KWELI?

Angalia dashibodi. Kama taa ya READY inawaka, gari hiyo iko hai, hata kama injini imekaa kimya. Muda wowote injini inaweza kuwaka yenyewe: betri kubwa imeshuka chaji, kiyoyozi kinahitaji nguvu, au injini imepoa. Juni na Julai kwa baridi yetu hii utaiona inawaka mara kwa mara ili ipate joto. Huo si ubovu.

Hatari iko hapa: unaiacha READY kwenye gereji iliyofungwa au stoo, unajua imezimika, kumbe inawaka na kutoa moshi. Kwenye moshi wa injini kuna hewa ya sumu isiyoonekana na isiyo na harufu. Inaua mtu akiwa usingizini. Usilale ndani ya gari iliyo READY sehemu iliyofungwa, na usimwache mtoto humo.

✅ SAUTI ZA KAWAIDA

1. "Ziiii" ya sekunde chache unapofungua mlango wa dereva. Hiyo ni pampu ya breki inajaza presha kabla hujaondoka. Ukikanyaga breki mara kadhaa itanguruma tena. Ni kazi yake.

2. "Tak" moja au mbili unapowasha au kuzima. Ni swichi kubwa za umeme zinaunganisha au kukata betri kubwa.

3. "Tik... tik..." chini ya gari baada ya safari. Ni bomba la eksozi linapoa, chuma kinajikunja.

4. Mvumo kwa nyuma, saa kadhaa baada ya kuzima. Baadhi ya gari, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zina pampu ndogo inayojiwasha kupima kama mvuke wa mafuta unavuja. Inamaliza, inanyamaza.

⚠️ SAUTI ZA KUFANYIA KAZI

1. Pampu ya breki inanguruma kila baada ya sekunde chache na wewe hujagusa pedali. Maana yake presha haikai, inavuja ndani. Ikiongezeka taa ya breki au ya ABS kwenye dashibodi, simamisha biashara siku hiyo. Wote tunaujua mteremko wa Iwambi na malori yake. Pale si mahali pa kujaribia breki.

2. Feni inavuma kwa nguvu karibu na siti ya nyuma, muda wote. Hiyo ndiyo inapoza betri kubwa, na ina tundu la kuvutia hewa pembeni au chini ya siti ya nyuma. Sisi wafanyabiashara ndio tunaoiua! Unapanga magunia ya viazi mpaka yanaziba tundu, au unabeba unga na mavumbi yote yanaingia. Betri inapata joto, inachoka mapema, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Acha tundu wazi kila ukipakia, na mwambie fundi asafishe feni.

3. "Tk-tk-tk" unapowasha, taa zinafifia na READY haiji. Mara nyingi ni betri ndogo ya volti 12 imekufa, si ile kubwa. Pima hiyo kwanza kabla hujakubali kuambiwa "betri ya haibridi imeisha". Na usiombe kuboostiwa na lori. Malori mengi yana mfumo wa volti 24, utaunguza vifaa vya umeme.

4. Mkwaruzo usio na mpangilio, usiku, gari imezimwa kabisa. Huyo ni panya. Umebeba mahindi au karanga, punje zimebaki, ameingia kula na anamalizia kwa kutafuna waya. Fagia gari kila ukishusha mzigo, na usipaki ukutani mwa stoo ya nafaka.

✅ KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Zima redio na usikilize dakika tatu. Jibu maswali manne: Sauti inatoka mbele, chini au nyuma? READY ilikuwa inawaka? Inadumu sekunde ngapi? Inajirudia baada ya muda gani? Kisha irekodi kwa simu. Fundi akisikia mwenyewe hatabahatisha, na wewe hulipii kubahatisha kwake. Mwombe aunganishe kompyuta ya kupima gari kabla hajafungua kitu chochote.

Ukiwa unanunua gari, fanya hivyo hivyo. Muuzaji akiwasha muziki mkubwa, mwambie azime. Mkae kimya wote, usikilize pampu.

🚫 USIFANYE HIVI

Usiguse wala kumruhusu kijana yeyote akate waya wenye ganda la rangi ya chungwa. Betri ya Aqua ina volti 144, ya Prius nyingi ni kama 200, na zikifika kwenye mfumo wa mota zinapandishwa hadi 500 au zaidi. Umeme wa nyumbani ni 230 tu na unaua. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea haibridi.

Usiingize mkono kwenye boneti READY ikiwa inawaka. Injini ikijiwasha, vidole havirudi.

KWA UFUPI: sauti inayokuja, ikamaliza kazi yake na kunyamaza, mara nyingi ni ya kawaida. Sauti inayojirudia bila sababu, inayoongezeka siku hadi siku, au inayokuja na taa kwenye dashibodi, ifuatilie leo. Kukosa tripu moja kunauma, lakini mtaji unabaki na wewe unabaki.

Mtumie na mwenzako mwenye Aqua. Kazi njema wadau.