Wali Uliofurika Jikoni: Somo kwa Mafundisho ya Ndoa

Mwaka 1952 televisheni ya Marekani ilionyesha sehemu moja ya vichekesho vya I Love Lucy ambayo watu wanaicheka hadi leo. Waume wawili, Ricky na Fred, wanabishana na wake zao kuhusu kazi ya nani ni nyepesi, basi wanabadilishana. Lucy na Ethel wanakwenda kufunga chokoleti kiwandani. Mkanda unakimbia, wanazificha mdomoni na kwenye kofia. Nyumbani, wali unafurika jikoni. Mwisho kila mmoja anarudi kwenye kazi yake ya zamani, tena kwa furaha.

Hapa kwetu Tanga mabadilishano hayakuanza kwa ubishi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, Pangani, uliwafanya wanaume wengi kuwa watu wa mshahara. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei, na mashamba mengi yakageuka pori. Mshahara wa baba ulipokoma, sufuria ya mama lishe na kikaango cha vitumbua vikaanza kulipa ada ya shule. Pwani ya Mkinga wanawake wakaingia kwenye mwani, wakifunga kamba zao maji yanapokupwa wakati wa bamvua.

Lakini tuangalie vizuri. Lucy alipokuwa kiwandani, Ricky alikuwa jikoni, hata kama aliharibu wali. Mama wa mwani akitoka baharini na nguo mbichi, mara nyingi jiko bado linamsubiri yeye, na maji, na mtoto. Hayo si mabadilishano. Ni mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Baba naye anakaa kijiweni, si lazima kwa uvivu. Wengi wanaona aibu, kwa kuwa walifundishwa kwamba mwanamume ni mshahara wake.

Sisi wahubiri tuna sehemu yetu katika aibu hiyo. Katika mafundisho ya ndoa tunakimbilia Waefeso 5:23, mume ni kichwa, tukiruka aya ya 21 inayowataka wote wawili wanyenyekeane. Akila na Priska walishona mahema pamoja (Mdo 18). Na katika Yohane 21 aliyewasha makaa ufukweni na kuwaandalia wavuvi samaki ni Bwana mfufuka mwenyewe. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia namba 286, anafundisha kwamba mume akishika kazi za nyumbani uanaume wake haupungui.

Sheria yetu nayo ina la kusema. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kazi ni kazi, iwe na hundi au isiwe nayo.

Kwa jumuiya ndogo ndogo wiki hii: kila mume na mke waandike, kila mtu kwenye karatasi yake, alichofanya jana tangu alfajiri hadi kulala. Wabadilishane karatasi, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti, na asiyeisoma asimkatize.