Maana Tatu za Neno "Presha"

Katika lugha yetu limo neno moja la Fizikia ambalo sasa lina kazi nyingi kuliko ile ya kwanza. Neno hilo ni "presha".

Kwanza, maana ya Fizikia. Presha ni kani iliyogawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Jembe lililonolewa huingia ardhini upesi kuliko jembe butu, ijapokuwa mkono ni ule ule, kwa sababu kani yote imekusanyika katika makali membamba. Kipimo chake ni paskali, kwa heshima ya Blaise Pascal wa Ufaransa (1623–1662). Paskali 1 ni kani ya newtoni 1 juu ya meta 1 ya mraba.

Pili, maana ya hospitali. Moyo husukuma damu, nayo damu hukandamiza kuta za mishipa. Daktari huipima kwa milimita za zebaki. Kwa mtu mzima, 120 juu ya 80 huhesabiwa kuwa ya kawaida. Hapo watu wamefupisha maneno. Wasemapo "ana presha", maana yao ni kwamba presha yake iko juu, ingawa kwa kweli kila aliye hai anayo.

Tatu, maana ya mtaani. "Usinipe presha," husema mtu anayeharakishwa. Mkulima wa pamba asubiriye mvua ana presha. Nasi wa kidato cha nne tukaribiapo mtihani tunayo. Nadhani maana hii ilitoka hospitali, wala si kwa fundi baiskeli, kwani fundi wa hapa Dutwa husema "upepo". Wataalamu wametupa neno "kanieneo", lakini sijasikia mtu akilia, "Usinipe kanieneo!" "Shinikizo" lina bahati zaidi: kuna shinikizo la damu, na kuna kiongozi ajiuzuluye kwa shinikizo.

Lakini hatari ipo. Bibi yangu alipokwisha kuuza pamba yake aliacha dawa, akisema presha imeshuka kwa kuwa hana wasiwasi tena. Alichukua maana ya tatu akaiweka mahali pa ile ya pili. Presha ya damu aghalabu haina dalili. Mtu hucheka nayo imepanda. Tulikwenda naye kupimwa, ikaonekana iko juu, akarudia dawa zake.

Basi, ndugu zangu, tulitumie neno hili tupendavyo katika mazungumzo. Ila mbele ya daktari, na katika karatasi ya mtihani, hatuna budi kujua ni presha ipi inayotajwa.