Jalada Moja, Vijitabu Viwili: Daftari la Msafiri kwa Mseminari na Mwanaparokia

Mwanzoni mwa kila muhula tunanunua daftari jipya. Kabla Kwaresima haijafika, ukurasa mmoja tayari umebeba ratiba ya wiki, maelezo ya somo la metafizikia, nia tulizoombwa kusali na deni la sabuni. Tukitafuta kitu hatukioni. Katika somo hili tutaangalia aina ya daftari inayotenganisha mambo hayo bila kutubebesha mzigo wa madaftari manne, na namna ya kulipata kwa gharama ndogo.

Linaitwa daftari la msafiri. Lilianza kuuzwa na kampuni ya Midori ya Japani mwaka 2006. Ni kipande cha ngozi kilichokunjwa mara moja, na jalada hilo hutengenezwa kwa mikono huko Chiang Mai, Thailand. Hakuna karatasi iliyoshonwa kwenye ngozi. Kuna lastiki inayopita mgongoni kwa ndani; unafungua kijitabu katikati, unakichomeka chini ya lastiki, basi. Kikijaa unakitoa na kuweka kingine, jalada linabaki lile lile. Vijitabu vya saizi ya kawaida vina milimita 210 kwa 110, na vile vya saizi ndogo milimita 124 kwa 89, ambavyo vinaingia hata katika mfuko wa kanzu.

Lile la asili ni zuri, lakini kwa mtu anayeishi kwa posho ni ghali, na kwa maoni yetu ughali wake una hasara nyingine: mtu huogopa kulichafua. Daftari la thamani sana hukaa mezani likisubiri wazo linalolistahili. Daftari la bei ndogo huandikwa. Tena sifa yake kubwa iko katika mpangilio wake, na mpangilio huo tunaweza kuutengeneza wenyewe.

Chukua karatasi 8 za A4, za kawaida za gramu 80. Zikunje katikati kwa pamoja. Utapata kijitabu cha kurasa 32, chenye upana wa milimita 148 na urefu wa 210, yaani ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwezi na akiba kidogo. Anayependa umbo jembamba la Kijapani akate kwanza milimita 77 kutoka kwenye urefu wa kila karatasi, kisha akunje. Atapata 210 kwa 110 kamili, na vile vipande vilivyokatwa vinafaa kwa orodha ya sokoni. Sisi tunaona A5 inatosha, maana haina cha kutupa.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwa hiyo tumia sindano na uzi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la kati, la juu na la chini. Anza kwa ndani, toka tundu la kati, ingia la juu, pita kwa ndani hadi la chini na utoke, kisha rudi ndani kupitia la kati na ufunge fundo juu ya ule uzi mrefu. Kazi hii ni ya dakika chache.

Kwa jalada, mwombe fundi viatu kipande cha ngozi cha sentimita 22 kwa 32. Jinzi nzito iliyokunjwa mara mbili nayo hufaa. Toboa tundu moja juu na moja chini ya mgongo, pitisha lastiki ya mviringo ya fundi cherehani, ifunge ikaze lakini isikunje ngozi. Kijitabu cha pili huunganishwa na cha kwanza kwa mpira wa kufungia karatasi, uliopitishwa katikati ya vyote viwili. Andika kwa kalamu ya biki, kwa kuwa wino mwepesi huvuja upande wa pili wa karatasi hizi.

Kwa nini vijitabu viwili? Hapa falsafa inatusaidia. Katika Phaedrus, Plato anasimulia habari za mfalme Thamus aliyeletewa zawadi ya maandishi na mungu Theuth, naye akahofu kwamba watu watategemea alama za nje na kuacha kukumbuka kwa ndani. Hofu hiyo ina ukweli, lakini si kwa kila maandishi. Ratiba tunaiandika ili akili ipumzike: zamu ya kufagia kikanisa Alhamisi, insha ya maadili Ijumaa, safari ya kigangoni Jumapili. Kazi ikifanyika tunaikata, haina haja ya kurudiwa. Shajara tunaiandika ili tuirudie. Ukichanganya hizo mbili, shajara inazikwa chini ya zamu za usafi, na hakuna atakayefungua tena ukurasa huo.

Basi kijitabu cha kwanza kiwe cha ratiba. Jumamosi jioni kaa nacho, andika kwanza saa zisizohama, yaani Misa, Masifu, vipindi, au kwa mwanaparokia kazi, jumuiya na mazoezi ya kwaya. Halafu panga mengine katika nafasi zilizobaki. Usijaze kila nafasi. Mgonjwa wa kutembelewa hatangazi siku yake.

Kijitabu cha pili ni cha shajara, na usiku mistari mitano inatosha. Wengi huacha shajara kwa sababu walidhani lazima wajaze ukurasa. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anapendekeza kitu kifupi zaidi: mistari miwili kwa kila siku ya wiki, na nukta kwa kila mara mtu alipoanguka katika kosa lile analopambana nalo, mstari mmoja kwa nusu ya kwanza ya siku na mwingine kwa nusu ya pili. Kisha analinganisha siku kwa siku, wiki kwa wiki. Mtakatifu Yohane XXIII alianza kuandika madaftari yake ya kiroho mwaka 1895, akiwa mseminari kijana huko Bergamo, Italia, akaendelea kwa zaidi ya miaka 60. Yalichapishwa mwaka 1964, baada ya kifo chake, kwa jina Giornale dell'anima. Maazimio mengine anayarudia mwaka hadi mwaka, na hilo linatutia moyo sisi tunaorudia yale yale.

Lipo jambo zito ambalo tusilipuuze. Daftari husahaulika kwenye daladala na kwenye benchi la kanisa. Tunapotoka kwa utume watu hutuambia mambo ya nyumbani mwao: ndoa inayoyumba, mtoto aliyetoroka, ugonjwa unaofichwa. Usiandike jina, mtaa wala ugonjwa wa mtu. Andika kilichokugusa wewe na nia ya kuombea, kwa namna ambayo mtu akiliokota hatamtambua yeyote. Orodha ya dhambi zako kwa ajili ya kitubio iandike kwenye kikaratasi cha pembeni na uichome baadaye. Hesabu za michango ya jumuiya nazo zina kitabu chake, kinachokaguliwa na wenzako. Zisiingie katika daftari lako binafsi.

Mwezi ukiisha, toa vijitabu vyote viwili. Cha ratiba kipitie mara moja, hamishia kazi ambazo hazijafanyika, kisha kitupe. Cha shajara kiandikie mwezi na mwaka juu, kifungie sandukuni, na ukichukue siku ya kwenda kwa mlezi wako wa kiroho au ya kuanza mafungo.