Magonjwa ya Majani katika Miti na Vichaka vya Mapambo

Soma swali hili kwanza: "Mwanafunzi aliona utando mweusi kwenye majani ya mti wa kivuli. Alipulizia kiuakuvu, lakini weusi ulirudi. Eleza sababu." Ukijibu tu kwamba dawa ilikuwa dhaifu, utakosa alama. Kabla ya kutaja tiba, tambua chanzo.

1. Madoa meusi ya mwaridi
Dalili: mabaka meusi ya duara, yenye kingo zisizonyooka, juu ya jani. Jani hugeuka manjano na kudondoka.
Chanzo: kuvu. Spora zake huota jani likibaki limelowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo, ndiyo maana ugonjwa huzidi wakati wa mvua.
Udhibiti: mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina na siyo kwenye majani, kusanya na kuchoma majani yaliyodondoka, pogoa ili hewa ipite. Kiuakuvu hukinga majani mazima. Hakiponyi jani lenye madoa.

2. Ubwiri unga
Dalili: unga mweupe juu ya majani na machipukizi, majani machanga hujikunja.
Chanzo: kuvu pia, lakini huyu hahitaji jani lililolowa. Hustawi siku zikiwa kavu na hewa ya usiku ikiwa na unyevu.
Udhibiti: kata sehemu zilizoathirika, punguza msongamano wa matawi, pulizia salfa kwa kufuata maelekezo ya kibandiko.

3. Masizi
Dalili: utando mweusi unaofutika kwa kitambaa chenye maji. Hapa ndipo unapotofautisha na madoa meusi, ambayo hayafutiki.
Chanzo: kuvu anayeishi juu ya jani bila kulipenya. Chakula chake ni majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, vidugamba na inzi weupe. Madhara yake ni kuzuia mwanga kufika kwenye jani, hivyo usanisinuru hupungua.
Udhibiti: ondoa wadudu kwa maji ya sabuni, na zuia sisimizi, kwa kuwa huwalinda wadudu hao ili wapate majimaji hayo.

Jibu la swali la mwanzo
Ugonjwa ni masizi. Kiuakuvu hakikuua wadudu, nao waliendelea kutoa majimaji matamu, hivyo kuvu akaota tena. Alipaswa kudhibiti wadudu kwanza.

Angalizo: usiandike "nyunyizia dawa" peke yake. Taja aina ya dawa na kinacholengwa.

Jipime
(a) Kwa nini kumwagilia majani ya mwaridi jioni huongeza madoa meusi? (alama 2)
(b) Taja tofauti mbili kati ya ubwiri unga na masizi. (alama 4)
(c) Sisimizi hawali majani ya mti. Eleza kwa nini mtunza bustani huwazuia. (alama 2)